Mke wangu ameanza mionzi Ocean Road, na mikorosho imeanza kutoa maua. Nibaki au nirudi?

Mkulima_Masasi

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari zenu.

Mimi ni mkulima wa korosho wilaya ya Masasi. Mke wangu amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kwa damu kutoka baada ya tendo la ndoa, kisha ikawa inatoka hata siku za kawaida, na maji maji yenye harufu. Zahanati moja ikamtibu fangasi, nyingine ikamtibu UTI, dawa juu ya dawa mpaka mwaka ukakatika. Tulipofika hospitali kubwa wakachukua kinyama, majibu yakatoka, tukaandikiwa rufaa kuja Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar. Tumefikia Mbagala kwa mdogo wake wa kike. Daktari ametueleza vizuri kabisa: ni hatua ya pili, inatibika, atapigwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila Jumatano dripu ya kemo. Baada ya hapo mionzi ya ndani, ile inayopitishwa kwa kifaa kwenye njia ya uzazi.

Ameanza wiki hii. Sasa swali langu.

Mikorosho yangu imeanza kutoa maua. Watu wa kusini mnajua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukiwahi maua kabla ya dawa, Oktoba unaokota majani. Hiyo mikorosho ndiyo nauli yetu ya hapa, ndiyo chakula, ndiyo mahitaji ya mtoto aliyeko sekondari. Nikibaki huku hadi mwisho sitakuwa na cha kupeleka ghalani. Nikiondoka, namwacha mke wangu katikati ya shida. Kila nikilala nalifikiria hilo, sipati jibu.

La pili linaniumiza zaidi. Tangu tufike Dar amekuwa mtu wa kimya. Nikimshika mkono ashuke daladala anautoa. Usiku anageukia ukutani. Juzi kaniambia, "Wewe rudi ukaangalie shamba, mimi niko na mdogo wangu." Sijui ndivyo anavyotaka kweli au ananipima.

La tatu, shangazi yangu kanipigia simu. Anasema ugonjwa huu mwanamke anautafuta mwenyewe, nimrudishe kwao. Simrudishi, hilo sikuja kuliulizia. Nataka kujua cha kumjibu, maana anayasema hayo kijijini, na mke wangu atarudi kuishi hapo hapo.

Mliopitia haya naomba mniambie mlifanyaje.

---

Mwalimu_Ifakara

Pole sana mdogo wangu, na umpe pole shemeji. Mke wangu alitibiwa hapo hapo, ugonjwa huo huo, na leo asubuhi kanigombeza kwa sababu kuku wameingia kwenye mchicha wake. Kwa hiyo soma ukiwa na moyo.

Nianze na shamba, maana najua ndilo linalokunyima usingizi na watu wataona haya kulizungumza. Mionzi haichoshi siku ya kwanza. Wiki ya kwanza na ya pili mgonjwa anatembea, anakula, unaweza hata kudhani mmetiwa hofu bure. Inajikusanya mwilini taratibu. Wiki ya tatu ndipo tumbo linapoanza kuharisha, mkojo unaunguza, uchovu unamwangusha kitandani saa nne asubuhi. Inazidi hadi wiki ya tano, na haiishii siku ya mwisho ya mashine, inaendelea kama wiki mbili mbele. Kwa hiyo kama ni lazima uende Masasi, nenda sasa hivi, siyo baadaye. Ukisema "ngoja nione kwanza anavyoendelea, nitaenda mwezi ujao", utakuwa unaondoka siku ambazo hawezi hata kunyanyua ndoo.

Lakini kabla ya nauli, muulize yeye. Usimuulize "niende au nisiende", atakujibu uende kwa sababu anajiona mzigo. Muulize ni siku gani asingependa uwe mbali. Swali hilo mtu analijibu kweli.

Jambo moja lishike kuliko yote niliyoandika: matibabu yasikatwe katikati. Mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Ikivuka hapo, ugonjwa unapata nafasi ya kujijenga upya. Nimeona watu wanamaliza ile ya nje, damu imekata, mgonjwa ana nguvu kidogo, wanasema tumepona, wanapanda basi. Mionzi ya ndani ndiyo inayokipa kidonda chenyewe dozi kubwa. Asipande basi kwenda nyumbani bila daktari kusema amemaliza. Msiba, harusi, mahafali, vyote vitamkuta Dar.

Sasa Mbagala. Hapo kwa mdogo wake kuna upendo, nalijua hilo, ila fikiria safari yenyewe. Kabla ya mashine wanamtaka awe na kibofu kilichojaa, ili utumbo usogee pembeni usipate mionzi mingi. Foleni ya Kilwa Road, daladala imejaa, yuko na mkojo, na huko mbele kuna kuharisha. Sisi tulihangaika tukapata chumba kimoja Kigamboni. Unavuka na pantoni, ukishuka Feri unachukua bajaji mnapita upande wa Ikulu, mmefika. Pantoni ya asubuhi ina msongamano, lakini upepo wa bahari ulimsaidia kichefuchefu kuliko dawa nyingine zote. Maji alikuwa anaanza kunywa tukiwa tumeshakaa kwenye foleni ya mashine, siyo nyumbani. Waulize wanaompiga mionzi anywe kiasi gani na muda gani kabla, kisha fanyeni hivyo hivyo kila siku. Na kabla ya kulipa kodi popote, pita ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali. Waeleze ukweli wa kipato chako na uwe na barua ya mtendaji wa kijiji. Hao ndio wanaojua nani anaweza kusaidiwa na wapi pa kulala.

Damu. Kila kabla ya kemo watampima wingi wa damu na figo. Mionzi haifanyi kazi vizuri kwa mtu mwenye damu pungufu, na shemeji amevuja kwa mwaka mzima. Watakapotaka aongezewe, wataomba ndugu wachangie. Anza leo kuongea na watu wenu walioko Dar. Nawe changia, kama una afya.

Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 40. Kushoto tarehe na mashine ya ngapi, kulia damu ilikuwa ngapi, uzito, ameharisha mara ngapi, amekula nini kikakaa tumboni. Daktari akiuliza "unaendeleaje", mke wangu alikuwa anajibu "nzuri". Wanawake wetu wamelelewa hivyo. Mimi nafungua daftari. Siku moja daktari alisoma ukurasa mmoja tu akabadilisha dawa ya kutapika papo hapo.

Chakula usimlazimishe. Wangu samaki hakutaka hata kumsikia jirani akikaanga. Uji wa mchele mwepesi wenye ndimu ulipita, ndizi mbivu ilipita, wali mkavu na chumvi kidogo ulipita. Tumbo likichafuka, maharage, kabichi na maziwa weka pembeni kwanza, mpe ORS. Siku ya kemo na siku mbili zinazofuata maji awe anakunywa kidogo kidogo kutwa nzima, kwa ajili ya figo.

Na zile alama walizomchora nyongani asizisugue akioga. Zikififia aseme, asizichore mwenyewe.

---

Chuma_Hakiozi

Mkuu, mimi sikubaliani na mwalimu hapo kwenye kuondoka. Mke kwanza. Shamba lipo mwaka ujao. Ukimwacha hata wiki moja atakumbuka maisha yake yote.

---

Mama_Pongwe

Kaka yangu, mimi ndiye mgonjwa katika habari hizi, siyo muuguzaji. Nimemaliza matibabu, naendelea na kliniki, niko Tanga nauza vitenge. Nakuandikia yale ambayo wifi hawezi kukwambia.

Anageukia ukutani kwa sababu ya harufu. Nakuapia. Yale maji yanayotoka, mwanamke anayasikia yeye kabla ya mtu yeyote, na anadhani chumba kizima kinayasikia. Nilikuwa nabadilisha khanga usiku kucha nikizificha kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda mpaka kuche. Mume wangu alipokaribia nilikuwa natafuta ugomvi ili aondoke. Siyo kwamba sikumtaka. Sikutaka anifikie.

Siku moja nimetoka kwenye mionzi nikakuta khanga zangu zote ziko kwenye kamba, nyeupe na za rangi, zimefuliwa, na yeye amekaa kibarazani anamenya viazi. Hakusema kitu, wala mimi sikusema. Usiku ule sikugeukia ukutani. Kwa hiyo kaka, kabla hujaenda Masasi, nunua khanga za kutosha, pedi kubwa za kutosha, sabuni, beseni lake peke yake. Fua. Usimwachie mdogo wake, maana kwa mdogo wake nako anaona aibu. Na mwambie kwamba harufu hiyo na damu vinapungua mionzi ikishaingia. Kwangu damu ilikata mapema tu, kabla hata sijafika nusu. Hiyo peke yake ilinirudisha utu.

La pili ni la chumbani, naomba wadogo mlioko humu mvumilie. Mwanamke akisikia "mlango wa kizazi" anajua ndoa imeguswa. Anasubiri uanze kulalamika, au uanze kupotea jioni. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba kwa sasa hilo limewekwa kando na huna haraka nalo. Useme mara moja, waziwazi, usimwachie akisie. Baada ya matibabu njia husinyaa na kukauka, na hedhi inakoma, anaanza joto la ghafla kama mama wa miaka 50. Wauguzi watamwonyesha kifaa cha kuzuia njia isizibe na namna ya kukitumia nyumbani. Wengi wanakitupa kwa aibu. Wewe ukikijua na ukikiheshimu, hatakitupa. Mkija kurudiana ni taratibu, kwa ruhusa ya daktari, na kilainishi.

Mwisho, siku ya mionzi ya ndani uwepo wewe. Siyo mdogo wake, siyo jirani. Dawa ya maumivu watampa, lakini kulala pale umeinuliwa miguu ni jambo linalomtikisa mwanamke. Mimi nilitaka nikitoka tu nione uso wa mtu ninayemjua tangu ujana wangu.

Ndugu Chuma, nimekuelewa nia yako. Ila mimi mume wangu alikwenda na kurudi mara kadhaa kutafuta pesa, na simkumbuki kwa kuondoka. Ningemkumbuka kwa kuondoka kama tungefika wiki ya nne hatuna nauli ya kwenda kwenye mashine.

---

Sista_Zamu

Poleni familia. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya wagonjwa wa saratani kwa muda mrefu. Naongeza ya kitaalamu machache.

Kuhusu shangazi. Saratani hii karibu yote inatokana na kirusi cha HPV. Kirusi hicho ni cha kawaida mno, watu wengi walio kwenye ndoa au mahusiano hukipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, na wengi mwili hukiondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache kinabaki kimya miaka 10, 15, hata zaidi, ndipo saratani inatokea. Hakuna kipimo cha kuonyesha nani alimpa nani. Mke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kuipata. Mwambie shangazi hivyo kwa heshima, na mwulize yeye na binti zake wamepima lini, maana kipimo cha dalili za awali kinafanyika kwenye vituo vingi vya afya. Nimeona shangazi wakali wakinyamaza kabisa baada ya swali hilo, na wengine wakaenda kupima.

Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ni bure, inatolewa shuleni na vituoni. Usisubiri.

Dawa za miti: najua zitakuja, kwa upendo kabisa, kutoka kwa mama mkwe au jirani. Asinywe akiwa kwenye kemo. Dawa anayowekewa kwenye dripu, kwa kawaida ni sisplatini, inazichosha figo, na hatujui hicho kikombe kina nini. Figo zikitetereka kemo inasimamishwa. Pokea, shukuru, weka kabatini.

Joto la mwili likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, au damu ikitoka kwa wingi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane. Msimpe panadol mkangoja asubuhi. Nunueni kipimajoto, na mdogo wake ajue kukisoma.

Pia mgonjwa hatoki na mionzi mwilini baada ya mashine. Alale na watoto, abebe mjukuu, ale sahani moja na wengine. Nalisema hili kwa sababu kuna nyumba nimekuta mgonjwa ametengewa kikombe.

---

Mkulima_Masasi

Wakubwa zangu, nashindwa hata niseme nini. Mama wa Pongwe, Mungu akuzidishie. Nilisoma ulichoandika nikiwa nimekaa nje ya chumba cha mashine, nikatoka kwenda barabarani kidogo, upande wa baharini, mpaka nilipotulia.

Nimenunua khanga na beseni. Nimefua jana alipolala. Alipoamka akaziona kwenye kamba, akasema, "Hizo nyingine hujazikamua vizuri." Ndiyo mara ya kwanza tangu tufike huku ananisema kama anavyonisema nyumbani. Nikazishusha, nikazikamua upya.

Halafu nikamuuliza swali la mwalimu. Alikaa kimya muda, kisha akasema Jumatano. Hataki niwe mbali siku ya dripu, kwa sababu ile ya kwanza alitapika mbele za watu na mdogo wake akawa analia badala ya kumshikia ndoo. Siku nyingine anasema kweli niende, tena ananiambia nisipoenda atakuwa analala anahesabu mikorosho. Kuoga na mambo ya kike anataka mdogo wake.

Kwa hiyo nimepanga hivi: Jumatano niwe naye mpaka dripu iishe. Alhamisi alfajiri napanda basi, naingia Masasi jioni. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tunapuliza mimi na kaka yangu. Jumatatu narudi. Wiki ya tatu sitoki tena Dar mpaka mwisho. Daftari nimemwachia mdogo wake na nimemwonyesha namna ya kujaza. Kipimajoto tunacho. Ustawi wa jamii nimefika, wametupokea vizuri, wamesema niwaletee barua ya mtendaji, nitarudi nayo kutoka huko huko. Chumba cha Kigamboni nitakitafuta nikirudi, kama kuna mwenye habari aniambie.

Kinachonisumbua ni raundi ya pili. Salfa ya unga ukishaanza inabidi urudie kila baada ya wiki mbili, na wiki hizo ndizo mwalimu amesema nisitoke. Kaka yangu ni mtu mzima, kifua kinamsumbua, mashine ya mgongoni hawezi kuibeba peke yake.

Shangazi nimempigia. Nimemsomea maneno ya Sista neno kwa neno. Nilipofika kwenye kupima akasema simu inakatika.

---

Mwalimu_Ifakara

Umefanya vema. Wikiendi hiyo usisahau barua, ndiyo watu wengi wanaisahau wakifika shambani.

Chumba: shuka Kigamboni pantonini, ulizia mitaa ya karibu kabisa ambayo mtatembea kwa miguu mpaka kwenye pantoni. Usiende mbali ndani kwa sababu ni bei ndogo, utairudisha yote kwenye bajaji. Na kiwe na choo karibu na mlango, siyo ng'ambo ya uwanja. Wiki ya nne utanielewa.

---

Mwana_Lukuledi

Ndugu yangu, nimepita humu kwa sababu ya kichwa cha habari, mimi ni wa Lukuledi, jirani yako kabisa. Poleni sana wewe na shemeji.

Raundi ya kwanza piga hiyo salfa kama ulivyopanga, alfajiri kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado kwenye maua. Raundi ya pili usitumie unga, tumia dawa ya maji. Ile inashika kama wiki tatu, kwa hiyo unapunguza mizunguko. Ulizia AMCOS yako, chama chenu cha ushirika cha wakulima, wana aina gani, na uwe makini na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usikadirie.

Kuhusu kubeba mashine, tuko vijana wanne hapa tunapulizia watu kwa zamu. Kaka yako akae kivulini asimamie, asivute hiyo dawa na kifua chake. Malipo tutaongea baada ya mnada, siyo sasa. Niandikie faragha jina la kijiji na idadi ya mikorosho, Ijumaa ukiwa shambani nije tuonane uso kwa uso unionyeshe mipaka.